Matatu inaondoka saa ngapi? Uzi kuhusu ratiba, na nani hulipia kiti kitupu

Wadau, kila msimu wa siasa ukifika Nairobi, suala la usafiri hurudi jukwaani na nguo ileile. Mmoja anaahidi mabasi mapya. Mwingine anaahidi kutoa matatu katikati ya jiji. Wa tatu anaahidi ratiba: basi la saa mbili kamili, la saa mbili na dakika kumi, hivyo hivyo hadi usiku. Watu wanapiga makofi. Kesho yake tuko steji tunamuuliza konda, "Hii inaenda saa hii?" na jibu tunalijua: "Ingia, tunabakisha wawili." Hao wawili huwa hawaishi.

Sheria ya uzi huu ni ileile ya siku zote. Hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Tunaangalia hoja yenyewe na kuuliza inasimama kwa miguu gani.

Na hoja ya ratiba, kwa maoni yangu, inasimama kwa swali moja ambalo sijasikia likiulizwa kwenye mdahalo wowote: nani analipia kiti kitupu? Ukilijibu hilo, mengine yote unaweza kuyapanga kwa kalamu na karatasi. Usipolijibu, unaweza kununua mabasi elfu na abiria bado atangoja.

Tuanze na siku ya kawaida ya matatu, kwa sababu wengi tunaipanda kila siku na hatujui pesa inazungukaje ndani yake.

Mwenye gari anawapa dere na konda gari alfajiri. Jioni anataka hesabu yake, kiasi kilichokubaliwa kabla gari halijatoka. Iwe mvua, iwe jam, iwe maandamano, hesabu ni hesabu. Juu ya hapo kuna mafuta, ada za steji, kuosha gari, na ile pesa ya barabarani ambayo sote tunaijua na hakuna risiti yake. Kinachobaki ndicho mshahara wa dere na konda. Kisipobaki kitu, wamefanya kazi ya bure.

Sasa jiweke kwa viatu vya konda, saa tano asubuhi, steji ya mjini. Gari lina viti 33 na walioingia ni tisa. Mtu akikwambia uondoke kwa sababu "ratiba imefika", anakwambia utoe viti 24 kutoka mfuko wako mwenyewe. Hutaondoka. Mimi pia singeondoka. Huo si ukorofi, ni hesabu ya mtu mwenye watoto shuleni.

Ukishaelewa hapo, tabia nyingi tunazolalamikia zinapata maelezo. Kwa nini wanakimbizana saa ya msongamano? Kwa sababu abiria wa steji inayofuata ni wa atakayefika kwanza. Kwa nini gari la kwenda mwisho linakushukisha katikati, "mwisho wa gari ni hapa", halafu linageuza? Kwa sababu upande wa pili kuna watu wengi kuliko walio mbele yako. Kwa nini konda anapiga kelele "Githurai moja kwa moja" na hataki wa Roysambu? Kiti cha mtu wa karibu kikibaki wazi njiani, kinaweza kufika Githurai hivyo hivyo. Kwa nini nauli inapanda wingu likitanda? Hilo nalo lina sababu yake, ingawa kwa hilo siwatetei.

Twende kwa namba kidogo. Nimezichagua mwenyewe ili hesabu iwe rahisi, hazijatoka kwa utafiti.

Chukua steji ambayo saa za mchana inapata abiria mmoja kila dakika. Gari la viti 33 litachukua zaidi ya nusu saa kujaa. Aliyeingia kwanza amekaa dakika 32 akisikiliza injini ikizimwa na kuwashwa. Ukichukua wastani wa wote, kila mtu amengoja kama dakika 16, na gari bado halijasogea. Badilisha gari liwe la viti 14. Linajaa kwa dakika 14, wastani unashuka hadi karibu saba.

Umeona kitu hapo? Tangu mwaka wa 2010 hivi tumekuwa tukiambiwa kwamba gari la 14 ni uchafu wa jiji na dawa ni magari makubwa. Kwa saa moja asubuhi hoja hiyo ni sahihi kabisa. Steji yenye watu kumi kila dakika hujaza gari la 33 kwa dakika tatu na kitu, na barabara inabaki na magari machache. Lakini mchana, kama sheria ya steji ni "jaza ndio uende", gari kubwa linaongeza kungoja. Mtu anayekuahidi magari makubwa bila kugusa namna ya kuondoka anakuahidi foleni fupi asubuhi na kungoja kurefu saa tano.

Na nani husafiri saa tano? Mama anayepeleka mtoto kliniki. Muuza mboga aliyekuwa sokoni tangu usiku na sasa anarudi. Mwanafunzi wa chuo. Mjakazi aliyemaliza kufua nyumba moja na anakimbilia ya pili, ambaye kila dakika ya kungoja inamkatia pesa. Midahalo yetu hupangwa jioni kwenye runinga na huzungumzia jam, kwa sababu walioko studio wanaijua jam kwa kukaa kwa gari zao. Jam ni shida kweli. Lakini kungoja ni shida ya watu ambao hawaalikwi studio.

Kuna kundi jingine ambalo "jaza ndio uende" inalitupa kabisa: watu wa katikati ya njia. Gari likijazwa mjini hadi kiti cha mwisho, wewe uliyesimama Allsops au pale Roysambu utaona magari sita yakipita na taa zao za rangi na muziki, yote yamejaa. Ndio maana jioni wengine hupanda gari linaloingia mjini, wanazunguka nalo hadi steji ya mwanzo, wanalipa nauli mara mbili, ili tu wawe ndani likianza kurudi. Nimefanya hivyo nikiwa na mzigo, na ninajua wazee wanaofanya hivyo kila Ijumaa. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu hata hiyo njia ya mkato haipo.

Kwa hivyo kile kiti kitupu steji ya mwanzo mara nyingi si hasara. Ni kiti cha mtu aliye mbele. Basi linaloondoka na nafasi kumi linaweza kufika mwisho limejaa. Ila konda hana uhakika wa hilo, na hatari yote iko kwake.

Sasa ratiba yenyewe ni nini? Hapa wanasiasa huchanganya vitu viwili, na sisi tunawachekelea.

Kwenye njia yenye watu wengi, Jogoo Road au Thika Road asubuhi, hakuna anayehitaji kujua kwamba basi ni la saa 1:07. Anahitaji kujua kwamba yanapita kila dakika chache na yamepangana vizuri. Kwenye njia ya watu wachache, au usiku, mambo yanageuka. Kama gari la Kiserian ni moja kila saa, ni lazima ujue dakika yake, la sivyo utasimama gizani. Jiji la London hupima huduma zake za mabasi hivyo: njia za mara kwa mara zinapimwa kwa muda ambao abiria amengoja zaidi ya ilivyotakiwa, na njia za nadra zinapimwa kwa saa iliyoandikwa.

Kupangana huko ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Chukua mabasi sita kwa saa. Yakija kila dakika kumi sawasawa, kwa wastani utangoja dakika tano. Sasa weka mabasi yaleyale sita, lakini yaje mawili mawili: la kwanza, dakika mbili baadaye la pili, halafu pengo la dakika 18. Mabasi ni yaleyale, mafuta ni yaleyale, madereva ni walewale. Lakini kati ya kila abiria 20, 18 watafika steji ndani ya lile pengo refu na kungoja dakika tisa kwa wastani. Wawili tu ndio watakaobahatika. Ukijumlisha, wastani unakuwa dakika 8.2. Umepoteza zaidi ya dakika tatu kwa kila mtu bila kupunguza hata basi moja. Tena lile la kwanza limejaa hadi mlangoni, la nyuma yake lina watu sita.

Na mabasi hujikusanya yenyewe, hata dere wakiwa malaika. Basi likichelewa kidogo, steji inayofuata ina watu wengi zaidi. Kuwapandisha kunalichelewesha zaidi. Lile la nyuma linakuta steji tupu, linaharakisha, linalifikia la mbele. Dawa inajulikana: mtu wa kuangalia njia nzima, mwenye simu na mamlaka ya kusema "wewe wa nyuma, simama hapo dakika mbili."

Jaribu kumwambia hivyo dere wa hesabu. Asimame dakika mbili ili gari la mpinzani wake lichukue abiria mbele? Atakucheka, na ana haki.

Kuna mtu atasema, "Lakini sacco si zina mpangilio?" Zinao. Sacco nyingi zina foleni steji, kuna mtu wa kuandika, gari la kwanza kufika ndilo la kwanza kubeba. Huo ni mpangilio wa zamu, na umepunguza fujo. Ni hatua kubwa ukikumbuka hali ilivyokuwa. Ila saa haimo ndani yake. Gari la pili halianzi kubeba hadi la kwanza lijae, hata kama ni Jumapili na la kwanza limekaa dakika arobaini. Kuna mahali hata hukodishwa watu wa kukaa ndani ili abiria adhani gari limekaribia kujaa. Ukiingia, mmoja anashuka polepole kama amesahau kitu. Mnacheka, lakini mnawajua.

Tena kwenye vitabu, mambo haya yalishapangwa. Kanuni za 2004, zile za mikanda na vidhibiti mwendo, zilitaka pia dere na konda waajiriwe kwa kudumu na kulipwa kwa mwezi. Kanuni za 2014 zikarudia suala la mikataba ya kazi na kutaka sacco au kampuni iwe na angalau magari 30. Mikanda tuliiona. Magari kuingia sacco tuliona. Mshahara wa mwezi umeshika kwa wachache, na hesabu ya jioni bado iko palepale.

Sababu moja ni kwamba mwenye gari haoni kilichoingia. Nauli ni pesa taslimu mkononi mwa konda, kwa hivyo njia rahisi ni kumwambia "niletee kiasi hiki, kilichobaki chenu." Ndiyo maana mwaka wa 2014 serikali iliposukuma malipo ya kadi, upinzani haukutoka upande mmoja tu. Konda hakutaka. Baadhi ya wenye magari hawakutaka mapato yao yaonekane. Na ile pesa ya barabarani nayo hailipwi kwa kadi. Kadi zilikuwa za aina nyingi, moja haikubaliki kwa gari la mwingine, na mpango ukafa. Leo watu wanalipa kwa M-Pesa, mara nyingi kwa namba ya simu ya konda, kwa hivyo fumbo la mapato limebaki fumbo.

Hapa niseme jambo kuhusu mabasi ya umeme, kwa sababu ndiyo wimbo wa sasa. Nayapenda. Hayana moshi, hayapigi kelele. Lakini basi la umeme likiendeshwa kwa hesabu litangoja kujaa kama la dizeli, tofauti ni kwamba utangojea kwa hewa safi.

Nirudi nyuma kidogo, kwa vijana wanaodhani jiji hili halijawahi kuwa na mabasi yenye mpango. Kenya Bus Service ilianza Nairobi mwaka wa 1934. Ilikuwa na njia zake na gereji yake, na masharti ya leseni yake. Mwaka wa 1973 matatu ziliruhusiwa rasmi kwa amri ya rais, bila masharti yaliyoibana kampuni ya mabasi. Kwa mwananchi ilikuwa neema, kwa sababu mitaa mingi haikuwa na basi hata moja na mwenye matatu aliitafuta mitaa hiyo mwenyewe. Lakini kampuni ilianza kunyang'anywa abiria wa saa nzuri, wale wanaolipia saa mbaya. Mwaka wa 1986 serikali ikaanzisha mabasi yake, Nyayo, na miaka ya 90 yakaporomoka. Kununua basi ni siku moja na picha kwenye gazeti. Vipuri, mafuta na kufunga hesabu kila usiku ni kazi ya miaka.

Miji mingine imelijibuje lile swali la kiti kitupu? Nitataja miwili ya Amerika Kusini kwa sababu walikuwa na hali kama yetu, magari ya watu binafsi yakigombania abiria barabarani.

Bogotá, Kolombia, walifungua TransMilenio mwishoni mwa mwaka wa 2000. Mabasi makubwa kwenye njia zao maalumu, na waendeshaji wanalipwa hasa kwa kilomita walizoendesha. Nauli zote zinaingia kapu moja. Kiti kitupu kikawa cha kapu, dere akaacha kukimbizana.

Santiago, Chile, wakabadilisha mtandao mzima wa jiji kwa siku moja, Februari 2007. Mikataba ya mwanzo iliwahakikishia waendeshaji mapato hata wasipobeba watu, mabasi yalikuwa machache, na mitambo ya kuyafuatilia haikuwa tayari. Mabasi yakawa hayaji, na mengine yakipita hayasimami. Kwa nini dere asimame? Abiria hakumwongezea kitu. Watu wakajazana kwenye treni za chini ya ardhi, ikawa aibu ya kitaifa.

Kwa hivyo ukimwondolea konda hatari yote bila kumpima, anaacha kukujali. Ukimwachia yote, anakufungia steji hadi ujae naye. Kazi iko katikati, na ni kazi ya mkataba: lipa kilomita, kata pesa basi lisipofika, ongeza kidogo kwa kila abiria.

Karibu na sisi, Dar es Salaam walianza mabasi yaendayo haraka Mei 2016, na njia ya kwanza ni ya kama kilomita 21 kutoka Kimara. Kwa mwendo yalibadilisha maisha. Lakini malalamiko makubwa yamekuwa uhaba wa mabasi na msongamano vituoni. Njia maalumu inakupa mwendo ukishapanda. Kungoja kunategemea idadi ya mabasi na kupangana kwake. Nawakumbusha hilo wanaotazama vituo vinavyosuasua kujengwa katikati ya Thika Road wakidhani saruji ikikauka tu, tumefika.

Sasa, nani ana mamlaka? Hapa ahadi nyingi huanguka zenyewe. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani, trafiki na maegesho. Leseni ya gari la abiria inatolewa na NTSA, ambayo ni ya kitaifa. Barabara kubwa nyingi ni za mashirika ya kitaifa. Halafu tangu 2017 kuna NAMATA, ya kupanga usafiri wa Nairobi na kaunti nne jirani: Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Gari la Rongai linalala Kajiado na kufanya kazi Nairobi. Mgombea wa kaunti moja akikuahidi ratiba ya njia hiyo, muulize ameongea na nani upande wa pili, na kama leseni itaandikwa ratiba ndani yake au njia tu.

Desemba 2018 kaunti ilijaribu kuzuia matatu kuingia katikati ya jiji. Watu walitembea kutoka kingo za mji, wengine na wagonjwa na mizigo, na amri ikasimamishwa haraka. Wazo la vituo vya pembeni halijafa. Mimi silipingi moja kwa moja. Lakini ukihamisha kituo, umemwongezea abiria kupanda mara ya pili: kungoja kwa pili na nauli ya pili. Bila tiketi moja ya safari nzima na gari la pili linaloondoka likiwa na nafasi, umehamisha jam kutoka barabarani na kuiweka miguuni mwa watu.

Tumalizie na pesa, kwa sababu hapo ndipo kuna ugumu wa kweli. Namba hizi pia ni za mfano.

Tuseme safari moja ya gari la 33, kwenda tu, inagharimu shilingi 1,200 ukijumlisha mafuta, mishahara na kuchakaa. Mchana nauli ni 50 na gari limeondoka kwa ratiba likiwa na watu 12. Limeingiza 600. Kuna 600 za mtu kulipa. Asubuhi watu 33 kwa 80 ni 2,640, na hapo unaweza kusema faida ya asubuhi italipia mchana mara mbili. Pole. Gari hilo la asubuhi linarudi mtaani karibu tupu kuchukua wengine, na kurudi nako ni 1,200. Tuseme limerudi na abiria wa 300. Mzunguko mzima umeingiza 2,940, umetumia 2,400, umebakisha 540. Hiyo haitoshi kufidia hata safari moja ya mchana.

Hiyo haimaanishi ratiba haiwezekani. Inamaanisha mchana huwezi kuahidi kila dakika tano. Labda kila dakika 15 au 20 kwa gari dogo zaidi, na ukiyatimiza hayo, watu wanaanza kuyaamini na 12 wanakuwa 18. Kuamini kuna thamani ya pesa. Watu wengi hawatoki mchana kwa sababu hawajui watarudi saa ngapi.

Nafikiri pa kuanzia ni njia moja, kapu moja. Magari yote ya njia hiyo yaweke nauli pamoja, na kila mwenye gari alipwe kwa safari alizofanya kwa wakati wake. Dere na konda wapate mshahara na zamu, badala ya kuendesha kutoka saa kumi alfajiri hadi saa nne usiku macho yakiwa mekundu. Hilo linahitaji mkopo wa mwanzo kuliko ruzuku ya milele. Lakini linahitaji vitu viwili vigumu. Mwenye nganya mpya, yenye skrini na taa, akubali kugawana na mwenye gari kuukuu. Na sacco nyingine isiruhusiwe kuingia njia hiyo saa za asubuhi tu, ikokote abiria wazuri, halafu iondoke. Maana yake ni kutoa njia kwa mkataba, na kuna watakaokosa mkataba.

Na kuna watu wa steji. Wanaoita abiria, wanaopanga foleni, wanaojaza viti, squad wa kushika gari nusu siku. Gari likiondoka kwa saa, kazi ya kuliitia abiria inapungua. Hao ni vijana wengi sana, na wanapiga kura. Ndiyo sababu moja, nadhani, kwa nini ahadi ya ratiba husemwa kwa sauti kubwa na mkataba hausemwi kabisa. Ningemheshimu mgombea ambaye angesimama na kusema: baadhi yao tutawaajiri kama wasimamizi wa njia, na hii hapa idadi, na hawa wengine tutawafanyia hivi.

Pesa za umma zipo? Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 25 za matengenezo ya barabara, kutoka 18. Abiria wa matatu anazilipa ndani ya nauli. Kwa sheria, hizo ni za barabara. Kaunti nayo hukusanya ada kwa magari ya abiria na maegesho. Kutoa sehemu ndogo ya hizo kulipia safari za saa mbaya ni uamuzi wa kisiasa, halali kabisa, na unaweza kuupinga au kuuunga mkono. Ila lazima uandikwe kwenye bajeti, kwa sababu saa tano usiku hakuna kapu la njia litakalojitosheleza. Muuguzi anayetoka zamu, mlinzi anayeingia, mpishi wa hoteli aliyefunga jikoni: ni abiria wanne au watano kwa gari, na leo wanalipa bodaboda mara tatu ya nauli, au wanalala kwenye kiti cha kazini hadi alfajiri. Basi lao likija na viti 28 vitupu, dizeli yake italipwa na mtu fulani. Mkimpata mgombea anayeweza kumtaja mtu huyo na kiasi chake, nitumieni, nitauandikia uzi mpango wake.